Mfongo Uliorusha Vyombo vya Angani

Mwezi uliopita nilinunua boksi la takataka, rafiki yangu, na sijutii hata kidogo. Nina steshenari hapa Moshi mjini, duka la kutoa kopi na kuchapa barua, na yupo mfanyabiashara anayetuletea mitumba ya kompyuta kwa njia ya mpaka wa Holili: kibodi zilizong'oka meno, nyaya zilizosokotana kama utumbo wa mbuzi. Nilikuwa natafuta kibodi tu. Nikazamisha mkono mpaka begani, na huko chini vidole vyangu vikashika kitu ambacho vilikitambua kabla ya macho. Kilikuwa kijiti cha kurushia vyombo vya angani, cheusi, kimesimama juu ya kitako chake, na kitufe cha kufyatulia risasi pale pale kinapokaa kidole cha shahada. Utotoni tulikiita mwiko, maana kilisimama kama mwiko uliosahauliwa ndani ya ugali mgumu.

Nilipiga kelele ambayo nina hakika ilisikika Arusha. Wateja wawili walikimbilia nje wakidhani nimeng'atwa na nge.

Binti wa mdogo wangu, anayesomea kompyuta chuoni na kunisaidia dukani wakati wa likizo, akaja kuangalia.

"Mama mkubwa, hiki ni cha ile michezo ya vita vya angani," akasema. "Imekufa hiyo."

"Imekufa lini? Nani alikwenda kuzika?"

"Ni migumu. Vitufe mia, kukaa kwenye kiti kama rubani, kusoma kitabu kizima kabla hujaruka. Siku hizi mtu anacheza kwenye simu kwa kidole gumba huku anasubiri chipsi. Haiwezi kurudi."

"Itarudi," nikamwambia.

"Itarudije?"

Hapo nikageukia mashine ya kopi, mimi ambaye hata kwenye darasa la jioni nililosoma ukubwani, saa ile watu wazima wote wanasinzia juu ya pembetatu, nilikuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Jibu lilikuwa refu, na mteja alikuwa anasubiri kopi ya cheti cha ubatizo. Nakupa wewe jibu hilo, kwa kuwa umekaa.

Turudi miaka ya tisini, kijijini kwetu mteremkoni, upande wa Kilema. Ni miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinaingia kwa mpigo mmoja: mitumba, redio kaseti zenye spika mbili, na wanunuzi binafsi wa kahawa waliokuja na mizani yao na maneno matamu. Mimi na mdogo wangu tuliishi kwa Bibi, mzaa mama, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye migomba iliyosongamana kiasi kwamba mvua ikianza asubuhi, tone la kwanza lilitufikia chini mchana. Chini ya migomba kulikuwa na mibuni, na msimu wa kuvuna hewa yote ilinuka maganda ya kahawa yanayochacha, harufu ya utamu uliopitiliza, inayoganda kwenye nguo mpaka kanisani. Tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe, tunazungusha mashine ya kumenyea kahawa mpaka mabega yanawaka moto, kisha tunakula kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja katika chungu kimoja. Nimekula vyakula vingi toka hapo. Hakuna kilichonishibisha mpaka Jumatano kama kile.

Lakini ufalme wote ule ulitegemea mfongo. Kama hujaishi milimani kwetu, mfongo ni mfereji uliochimbwa na wazee ambao hata Bibi hakuwajua majina, unaotoa maji mtoni juu msituni na kuyatembeza ukingoni mwa mlima mpaka mashambani. Kila nyumba ilikuwa na siku yake na saa zake. Siku ya kusafisha mfongo kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Asiyetoa, zamu yake ilirukwa, hata awe katekista. Sauti ya mfongo ndiyo iliyotulea. Ukiamka usiisikie, ulijua kuna ugomvi mahali.

Nilianza kugawa maji nikiwa na miaka sita. Bibi alinisimamisha kati ya kabichi na vitalu vya kahawa, akanipa vipande vya mgomba na madongo yenye nyasi, akasema, "Ukizifungulia kabichi zote kwa pamoja utalowesha njia tu. Sikiliza nani ana kiu sasa hivi." Basi nikawa nafungua hapa, naziba pale, robo huku, nusu kule, na kubadilisha kila dakika kadiri udongo unavyokunywa. Kufikia miaka kumi na moja nilikuwa naweza kugawa maji nimefumba macho, kwa kusikiliza kwa nyayo. Nasema kweli. Labda si nimefumba kabisa.

Sasa, mfongo ule ulikuwa na tawi la pekee. Juu ya kijiji, mahali tulipopaita Magawanyo, maji yaligawanyika mara mbili. Mkono mmoja ulikuja mashambani. Wa pili ulikwenda kwenye karakana ya useremala ya misheni, ukaporomoka ndani ya bomba kuzungusha mtambo wa umeme, kisha ukarudi mtoni mbali chini, usitufae tena. Makubaliano yalikuwa ya zamani na hayakuandikwa popote: asubuhi mpaka saa nane mchana maji ni ya mtambo; saa nane kamili mwenyekiti wa mfongo anayageuza, ni ya mashamba. Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya pama, na sote tulimwita Meku, ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima kwetu. Hakuwa na saa mkononi. Kengele ya kanisa ndiyo iliyokuwa inamsikiliza yeye.

Na ndani ya karakana, kwenye chumba kidogo chenye harufu ya maranda na gundi, ilikaa kompyuta. Mzungu mmoja aliyekuja kujitolea kufundisha useremala aliiacha alipoondoka, ili fundi wa mtambo aandikie barua za misheni. Fundi aliandika barua mbili kwa mwezi. Muda uliobaki kompyuta ilikuwa na kazi ya maana zaidi, kwa sababu yule Mzungu aliacha ndani yake mchezo wa vita vya angani, na juu ya meza aliacha mwiko.

Rafiki yangu, nikueleze ule mchezo ulivyokuwa. Wewe ulikaa ndani ya chombo kidogo cha vita, peke yako, giza mbele na nyota zimetawanyika kama mtama uliomwagika. Mbele yako palikuwa na duara la kijani lililoonyesha maadui wako upande gani. Na chini kushoto, hapo ndipo siri ilipokaa, palikuwa na mistari mitatu: injini, bunduki, ngao. Nishati ya chombo ilikuwa moja, na ulitakiwa kuigawa katika mistari mitatu kwa vitufe, huku unapigwa risasi. Ukiipa injini yote, unakimbia kama swala lakini bunduki zinakohoa. Ukiipa ngao yote, hufi, ila pia huendi popote. Watoto wa mwalimu, ambao nyumbani kwao walikuwa na maji ya bomba, walikuwa wanafungulia bunduki mpaka mwisho na kufa katika dakika moja. Mimi nilitazama ile mistari mara moja tu. Nikasikiliza nani ana kiu.

Mwezi wa kwanza niliangusha vyombo vya adui elfu kumi. Mdogo wangu anasema ni mia tatu, lakini yeye hesabu hakuipenda.

Fundi alituruhusu Jumamosi. Maseremala walifunga kazi saa sita, sisi tukafagia vumbi la mbao, na asiyefagia zamu yake ilirukwa. Hakuna aliyetufundisha utaratibu huo, ndio pekee tulioujua. Tukabaki na saa mbili. Saa nane Meku aligeuza maji kule juu, na huku chini taa ikawa nyekundu, kioo kikasinyaa kutoka pembeni kama jicho la mtu anayelala, halafu kimya. Ungekuwa katikati ya vita, kazi kwako.

Tulifika vita vya mwisho. Na ndipo fundi alipotuambia habari: nguzo za umeme wa gridi zilikuwa zimeshafika bondeni. Zikipanda mpaka misheni, mtambo utasimamishwa, na kompyuta itapelekwa mjini na kufutwa kila kilichomo. "Kwa hiyo malizeni hiyo vita yenu," alisema, akipuliza randa. Wenzangu wote wakanipa zamu zao, kama watu wa mfongo wanavyokopeshana maji kukiwa na msiba. Nirushe mimi, nimalize kwa niaba ya kijiji.

Shida ilikuwa moja. Vita vile vilikuwa virefu, ngome baada ya ngome, na havikukubali kuhifadhiwa katikati. Nilijaribu Jumamosi tatu, na Jumamosi zote tatu kioo kilisinyaa nikiwa mbele ya ngome ya mwisho kabisa, naiona milango yake. Nilihitaji nusu saa tu. Nusu saa ya maji.

Unaona ninakoelekea.

Jumamosi ya nne nilimpeleka mdogo wangu Magawanyo, nikamficha kwenye mibuni. Meku alipogeuza maji na kuondoka zake, mdogo wangu aliruka na kuyageuza tena, akaziba mkono wa mashamba kwa kipande cha mgomba na madongo, kazi safi, kama tulivyofundishwa. Huku karakana taa ilizimika nusu, ikafikiri, ikawaka tena. Fundi aliinua macho. Nilijifanya sikumwona. Nikaingia kwenye ngome ya mwisho nikiwa na ngao robo na bunduki nusu.

Ila kuiba zamu bila kujua ni ya nani ni ujinga, na mimi sikuuliza. Ile saa nane ilikuwa zamu ya Bibi. Alikuwa amekaa wiki mbili akiisubiri, kabichi zake zimeinamisha masikio, na sasa alisimama shambani na jembe mkononi akitazama mfereji mtupu. Akapanda mlima kama kijana. Mdogo wangu alipomwona aliingia vichakani akatoweka. Na pale Magawanyo, kwa bahati mbaya iliyopangwa na shetani mwenyewe, alikuwepo jirani yetu wa juu, amechutama, anakata majani ya ng'ombe wake.

"Mwizi wa maji wewe!" Hiyo niliisikia mimi, ndani ya karakana, milango imefungwa. "Hata siku ya zamu yangu?"

"Mama, shikamoo kwanza," jirani akasema. "Mimi nakata majani."

"Shikamoo peleka kwenu! Ng'ombe gani anayekula hapa Magawanyo tu, siku ya zamu yangu tu?"

Bibi akang'oa kile kipande cha mgomba kwa teke. Maji yakaenda kwake, kioo changu kikasinyaa, na ngome ya mwisho ikabaki imesimama.

Kesho yake mchana, baada ya misa, kikao cha mfongo kilikaa Magawanyo. Karibu wanakijiji wote walikuja, na sisi wawili tulisimama nyuma, tumeshikana mikono. Jirani alikana. Lakini alikuwa ameonekana pale, na yeye na Bibi walishagombana juu ya mpaka miaka mingi, kwa hiyo hakuna aliyemwamini. Meku akatamka: mbuzi mmoja, pombe ya mbege kwa wanakikao, na kukosa zamu mbili. Jirani akavua kofia. Hakulia, ila sauti yake ilipungua ikawa ya mtoto.

"Nimesafisha mfongo huu toka sijaoa," akasema. "Sijawahi kukosa hata siku moja. Leo wanangu wataitwa watoto wa mwizi wa maji."

Mdogo wangu alinifinya mkono mpaka kucha zikaingia. Nilijua nikisema, chumba kile kitafungwa kwa kufuli na mwiko sitaushika tena, na nguzo zitapanda, na vita vya kijiji kizima vitabaki bila mshindi. Nilijua vizuri. Nilikwenda kwenye ua wa mpaka hapo kando, nikachuma jani la isale, mmea tunaopandia mipaka. Kwetu anayeomba msamaha anakuja na isale iliyofungwa fundo, na anayeletewa hawezi kuikataa. Nikalifunga fundo, nikapenya katikati ya watu, nikapiga magoti.

Hapo ndipo niligundua nimekosea hesabu. Makosa yalikuwa na wenyewe wawili, Bibi aliyepoteza maji na jirani aliyepoteza jina, na mimi nilichuma jani moja.

Nilimpa jirani. Nikasema yote, bila kupumua, kuanzia ngome ya kwanza.

Bibi akapaza sauti, "Na mimi je? Kabichi zangu zitasamehe bure?"

Jirani alinyoosha mkono kwenye ua, akachuma isale nyingine, akanipa. "Mpe bibi yako. Fundo ufunge mwenyewe, mimi sina kosa hapa." Watu walianza kucheka, kwanza nyuma, halafu wote. Bibi alilipokea akiwa amenuna, na kununa kwa Bibi kulikuwa na uzito wa gunia la kahawa mbichi, lakini alilipokea.

Meku hakucheka. "Mtoto, simama. Yale maji uliyapeleka wapi?"

"Angani, Meku."

"Angani kuna nani anayelima?"

"Hakuna anayelima. Tunapigana vita."

"Na maji yangu?"

"Yanazungusha mtambo, mtambo unawasha kompyuta, kompyuta inarusha chombo."

"Jumamosi tutakuja kuona," akasema. "Maji ya mfongo huu hayajawahi kwenda mahali ambapo kamati haijafika."

Walikuja saa saba, wamevaa makoti ya kikao. Meku alikaa kwenye kigoda cha seremala, kofia juu ya goti. Bibi alisimama nyuma yake, na jirani akasimama mbali na Bibi kadiri chumba kilivyoruhusu, yaani hatua moja. Fundi aliwasha. Nikaruka, nikipambana na vyombo viwili vidogo, na Meku akanyoosha kidole kwenye ile mistari mitatu.

"Hii ni nini?"

"Nishati, Meku. Ya injini, ya bunduki, ya ngao."

"Inatoka sehemu moja?"

"Sehemu moja."

"Na ukimpa huyu, yule anakosa?"

"Anakosa."

Nje mtambo ulikuwa unanguruma chini ya bomba. Meku akageuka kuwatazama wenzake na uso wa mtu aliyekutana na ndugu yake ughaibuni.

"Huu ni mfongo," akasema.

Sitausahau mchana ule hata nikifika miaka mia mbili. Meku alisogeza kigoda, akaniuliza vitufe vya kugawia ni vipi, akaweka kidole kimoja kinene juu yake. Mimi nikashika mwiko. "Kimbia wewe, maji niachie mimi," alisema, na toka hapo sikuitazama tena ile mistari. Aliigawa kama alivyogawa kwa miaka arobaini, bila haraka, kabla ya kiu kufika. Nikipinda kukwepa, tayari injini imejaa. Nikilenga, bunduki zimeshiba.

"Ngao imekauka!" Bibi akapiga kelele nyuma yetu. "Mbona unampa bunduki kila kitu, wewe mzee?"

"Mama, zamu ni ya kwangu."

"Zamu gani, mtoto anapigwa kushoto! Kushoto!"

"Ziba injini!" jirani naye akaingilia. "Ziba kidogo, usizibe yote!"

Ilipogonga saa nane, Meku alisimama, akatembea mwenyewe mpaka Magawanyo na kugeuza maji. Kioo kikasinyaa. Hakuwa mtu wa kujipendelea. Lakini aliporudi kamati ilikaa pale pale juu ya mbao na kuamua, na uamuzi ule ukaingia kwenye mpango wa zamu kama zamu nyingine yoyote: nusu saa kila Jumamosi kwa ajili ya vita vya angani, mpaka nguzo zitakapofika. Kila nusu saa ifidiwe kutoka zamu za Bibi, kwa kuwa mwizi ni wa kwake. Na watoto wote wanaocheza wasafishe mfongo kutoka mtoni mpaka Magawanyo.

Tulisafisha mpaka ukang'aa. Na Jumamosi ya tatu, mimi na mwiko, Meku na vitufe, chumba kimejaa mpaka watu wamekaa juu ya mashine ya randa, ngome ya mwisho ilipasuka. Kioo kizima kikawa cheupe. Yakatokea maneno ya Kiingereza, na fundi akayasoma polepole, akatuambia yanasema vita vimekwisha, rubani arudi nyumbani. Kelele zile, rafiki yangu, ziliangusha parachichi kwenye miti. Meku alivaa kofia yake. "Bado dakika kumi za zamu," akasema. "Zipewe kabichi."

Nguzo zilipanda kabla ya Krismasi. Mtambo ukasimamishwa, kompyuta ikaenda mjini, na sijui mwiko ule uliishia mikononi mwa nani. Sina uchungu na umeme. Ndio unaolisha duka langu. Lakini Meku tulimzika miaka mingi iliyopita, na Bibi akamfuata. Fundi alihamia kwa wanawe. Vijana wengi walishuka mjini na kilichobaki ni wazee wasioweza kubeba jembe mpaka mtoni. Nilipopanda mwaka jana, Magawanyo pameota upupu. Nilisimama pale asubuhi nzima nikisubiri kusikia maji. Nilisikia pikipiki tu.

Ndiyo maana niling'ang'ana na lile boksi. Binti wa mdogo wangu alinitafutia waya wa kuunganisha kijiti na kompyuta ya sasa, kazi ya siku nne, na katika kutafuta huko akakutana na jambo lililomfunga mdomo: wapo watu huko ng'ambo, watu wazima wenye mvi kama mimi, wanaotengeneza michezo ya namna ile upya, kwa sababu waliikosa. Akaniwekea mmoja. Nyota zake zinang'aa mpaka unataka kuvaa miwani. Na chini kushoto, mistari mitatu.

"Haya, Mama mkubwa," akasema. "Wapo wachache. Lakini nani atacheza hapa Moshi?"

Nikabandika tangazo mlangoni: Jumamosi, mafunzo ya kompyuta kwa watoto. Walikuja tisa. Wote walifungulia bunduki mpaka mwisho, wakafa katika dakika moja, sita wakarudi kwenye simu zao. Watatu walibaki, wamekasirika, nami nampenda mtoto aliyekasirika kwa namna hiyo. Mmoja, msichana wa darasa la sita, alirudi Jumamosi iliyofuata na nyingine tena, anakufa na kukaa, anakufa na kukaa.

"Gawa," nikamwambia. "Usimwage kwa mmoja. Gawa kama mfongo."

"Mfongo ni nini, Mama?"

Nilifungua mdomo kumweleza. Nikaeleza kwa nusu saa, nikachora mpaka nyuma ya karatasi ya kopi iliyoharibika. Watoto watatu wakanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama padre anayehubiri kwa Kilatini. Hapo nikajua kilichokufa si mchezo. Mchezo uko hapa mezani, umewaka, unasubiri. Kilichopungua ni watu waliowahi kusimama kwenye tope na maji yasiyotosha, wakaambiwa wagawe.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na huzuni zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Old Moshi kuna mfongo mmoja bado unatiririka. Nimeshakwenda, nimeshasalimia kamati, na mwenyekiti wao, mama mmoja mkali wa umri wangu, amesema siku ya kusafisha hawajawahi kufukuza mikono. Nikaandika tangazo jipya, nikawapa watoto wapeleke nyumbani: mafunzo ya kompyuta, Jumamosi asubuhi, na orodha ya vitu vya kuja navyo.

Jana mama wa yule msichana alinipigia simu.

"Dada, samahani, hapa kwenye karatasi ya kompyuta umeandika jembe. Nadhani umekosea."

"Sijakosea," nikamwambia. "Na mvalishe nguo za kuchafua."